Kutoka Bwana Shauri hadi Mshauri wa Waziri: Malezi ya Watumishi Wapya wa Serikali katika Uganda, Tanganyika na Kenya, 1954–1975

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna watumishi wapya wa serikali walivyoandaliwa kuwasaidia mawaziri katika Uganda, Tanganyika na Kenya, tangu mfumo wa mawaziri ulipoingia katikati ya miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970. Hoja yake ni kwamba mafunzo yaliyorithiwa yalimlea mtawala wa wilaya, hayakumlea mshauri wa waziri. Vyuo vilivyofunguliwa wakati wa Uhuru vilifundisha taratibu za ofisi kwa bidii, lakini uwezo wa kumwambia waziri jambo asilopenda kulisikia ulitegemea mambo matatu yaliyokuwa nje ya darasa: usalama wa anayetoa ushauri, mpaka kati ya chama na ofisi, na lugha ya jalada.

Utangulizi

Katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, wananchi walimwita afisa kijana wa wilaya Bwana Shauri. Jina hilo linaeleza mengi kuliko vyeo rasmi vilivyoandikwa katika magazeti ya serikali. Shauri ni jambo linalopelekwa mbele ya mwenye uwezo ili likatwe. Ni kesi ya mpaka wa shamba, ya mahari isiyorudishwa, ya kodi isiyolipwa. Lakini shauri hilohilo ni nasaha: watu wawili hufanya shauri, na asiyesikia huambiwa shauri lako. Bwana Shauri wa bomani alikuwa bwana wa maana ya kwanza. Alisikiliza, akakata. Nasaha aliitoa kwa wakubwa wake kwa barua, mara nyingi kuhusu wilaya ambayo wao hawakuifahamu, na kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito wa amri.

Mfumo wa mawaziri ulipofika, maana ya pili ndiyo iliyohitajika. Mtu mmoja angebeba lawama bungeni, na mwingine, asiyejulikana kwa umma, angemwandalia hoja, takwimu, njia mbadala na tahadhari, kisha akatekeleza uamuzi hata kama haukuwa ule aliouandika yeye. Kazi hii haifanani na kazi ya boma. Wanahistoria wa utawala katika eneo hili wameandika sana kuhusu idadi ya Waafrika waliopandishwa vyeo katika miaka ya Uhuru. Idadi ni muhimu, lakini imelifunika swali jingine: hao waliopandishwa walifundishwa kufanya nini?

Boma na malezi yake

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maafisa wa utawala wa makoloni ya Uingereza walipitia kozi zilizojulikana kwa jina la Devonshire, zilizotolewa katika vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na London. Mwanafunzi alisoma sheria, historia ya himaya, elimu ya mila na desturi za watu, kilimo kidogo, na lugha ya mahali alikopangiwa. Wengi waliokuja Afrika Mashariki walifika na Kiswahili cha darasani, wakakinyoosha safarini, vijijini na barazani. Kisha kulikuwa na mtihani wa lugha na wa sheria, ambao bila kuufaulu afisa hakupanda ngazi.

Ukiyatazama masomo hayo, utaona picha ya mtu atakayekaa peke yake mahali pa mbali, akiwa hakimu, mkusanya kodi, msimamizi wa barabara na mwakilishi wa Gavana kwa wakati mmoja. Waziri hayumo katika picha hiyo, kwa sababu hakuwapo. Makao makuu palikuwa na sekretarieti iliyoongozwa na Katibu Mkuu wa Serikali ya kikoloni, naye pia alikuwa afisa. Afisa alimshauri afisa. Wote walikula meza moja na kuzungumza kwa vidokezo visivyohitaji kufafanuliwa.

Vituo vya mafunzo vilivyoanzishwa humu nchini havikuwa na sababu ya kufundisha tofauti. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 ilianza kwa kuwaandaa walimu wasimamizi wa shule za vijijini. Kituo cha Nsamizi, Entebbe, kilihudumia serikali za mitaa na maendeleo ya jamii. Mzumbe, karibu na Morogoro, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu, makarani wao na madiwani. Hizi zilikuwa shule za utawala wa chini, na kwa kiwango chake zilifanya kazi nzuri. Lakini mhitimu wake aliandaliwa kupokea maelekezo kutoka bomani, na boma lenyewe lilikuwa limeandaliwa kutoa amri. Hakuna upande wowote uliokuwa umezoezwa kumwandikia mwanasiasa.

Wageni wawili mezani

Mfumo wa mawaziri haukuingia siku moja. Kenya ilipata mawaziri chini ya katiba ya Lyttelton ya mwaka 1954, na Beneah Ohanga akawa Mwafrika wa kwanza kushika wizara, ile ya Maendeleo ya Jamii. Uganda ilifuata mwaka 1955, baada ya Mkutano wa Namirembe. Tanganyika ilianza na mawaziri wasaidizi mwaka 1957. Julai 1959 Baraza la Mawaziri liliundwa likiwa na wajumbe 12, watano kati yao wakiwa wawakilishi wa kuchaguliwa: Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Derek Bryceson na Amir Jamal.

Katika hatua hii ya kwanza waziri alikuwa mgeni na katibu wake alikuwa mwenyeji. Katibu huyo, Mwingereza aliyefanya kazi nchini kwa miaka kumi au ishirini, alijua jalada lilipo, alijua ahadi zilizotolewa London, alijua nani wa Hazina angekataa na kwa sababu gani. Waziri alijua wapiga kura. Uhusiano wao ulikuwa na mashaka ya pande zote mbili, lakini angalau maarifa ya ofisi yalikuwapo chumbani.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Uhuru ulipofika, wageni walikuwa wawili. Tanganyika, Desemba 1961, ilikuwa na nafasi 4,452 za ngazi ya kati na ya juu zilizojazwa, na kati ya hizo takribani 1,170 tu ndizo zilizoshikwa na wananchi. Robo hiyo haikutawanyika sawasawa. Ilipungua kadiri mtu alivyopanda ngazi. Rashidi Kawawa aliposhika uwaziri mkuu Januari 1962, baada ya Julius Nyerere kujiuzulu, kasi ya kuwaweka Waafrika iliongezwa, na Tume ya Uafrikanishaji ikaundwa mwaka huohuo. Kijana aliyekuwa afisa msaidizi wa wilaya mwaka 1960 aliweza kujikuta katibu mkuu wa wizara katika muda ambao mtangulizi wake angeutumia kuifahamu wilaya moja.

Ni vema kukumbuka kwamba haraka hiyo haikuwa ukaidi wa wanasiasa pekee. Maafisa wengi wa kigeni walikuwa wakiondoka kwa hiari yao, wakiwa na fidia mkononi. Waliobaki waliombwa wawafundishe warithi wao mezani, na wengine walifanya hivyo kwa moyo. Hata hivyo mtu anayefunga mizigo hafundishi kama mtu anayekaa. Kilichopotea si maandishi, maana majalada yalibaki masjala. Kilichopotea ni sababu zisizoandikwa: kwa nini jambo fulani halipelekwi kwenye Baraza kabla ya kuzungumzwa na Hazina, kwa nini dokezo la kurasa mbili husomwa na la kurasa tisa huwekwa kando, lini katibu aombe dakika tano za faragha badala ya kuandika.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa mambo haya. Chini ya mfumo wa Kiingereza, katibu mkuu wa wizara ndiye afisa masuuli. Neno masuuli, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni mwenye kuulizwa, na ndivyo ilivyo: fedha zikitumika kinyume cha utaratibu, Kamati ya Hesabu za Serikali humuuliza yeye, si waziri. Waziri akiamuru matumizi yasiyo halali, katibu anapaswa kuandika pingamizi lake. Kanuni hii inafundishika kwa saa moja. Kuitumia ni jambo jingine kabisa. Kijana wa miaka thelathini, aliyeteuliwa jana, anamwandikia mtu aliyefungwa gerezani kwa ajili ya Uhuru kwamba hawezi kutekeleza agizo lake. Na barua hiyo itabaki kwenye jalada milele. Kanuni imejengwa juu ya dhana kwamba kesho yake wote wawili watakuwa bado kazini. Dhana hiyo ndiyo iliyojaribiwa vikali, na mahali ilipojaribiwa zaidi ni Uganda.

Uganda: kutoka neno la ushauri hadi neno la amri

Uganda ilipata jaribio lake la kwanza mapema mno. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya ndani tarehe 1 Machi 1962. Uchaguzi wa Aprili ukamwondoa, na Milton Obote akashika madaraka kwa ushirikiano wa UPC na Kabaka Yekka. Maafisa waliokuwa wamezoea kuwaandikia mawaziri wa chama cha DP walipaswa, ndani ya wiki chache, kuwaandikia wapinzani wao kwa uaminifu uleule. Somo la kutoegemea upande, ambalo kwa Waingereza lilichukua zaidi ya karne moja kukomaa tangu ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, lilidaiwa kutekelezwa kabla hata ya bendera kupandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Na lilitekelezwa. Serikali ilibadilika na ofisi zikafunguliwa asubuhi. Jambo hili halisifiwi vya kutosha, labda kwa sababu yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi.

Miongoni mwa walioingia kazini mwaka huo alikuwa Henry Kyemba, mhitimu wa historia kutoka Makerere, aliyepangiwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Njia yake ni njia ya kizazi kizima: shahada, kisha meza, na malezi kutoka kwa mkubwa wa kazi aliyekuwa jirani. Akawa katibu binafsi mkuu wa Obote. Katika nafasi kama hiyo, kijana hujifunza yasiyofundishika Nsamizi: nani aingie kumwona kiongozi na nani asubiri, karatasi ipi iwe juu ya nyingine, na ukimya unaposema zaidi ya maneno.

Tarehe 22 Februari 1966, mawaziri watano, Grace Ibingira, Balaki Kirya, Emmanuel Lumu, George Magezi na Mathias Ngobi, walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha Baraza la Mawaziri huko Entebbe. Kwa mtazamo wa siasa, tukio hilo limechambuliwa mara nyingi. Kwa mtazamo wa utumishi lina maana ambayo haijachambuliwa vya kutosha. Kikao cha Baraza ndicho mahali ambapo kazi yote ya maafisa huishia. Nyaraka huandaliwa kwa miezi ili zijadiliwe humo. Afisa anayeona kwamba mtu anaweza kukamatwa kwa sababu ya mabishano ya chumba kile hataandika tena dokezo kwa namna ileile. Ataandika kwa tahadhari. Ataweka njia mbadala mbili zinazofanana. Ataacha aya ya hatari. Hakuna mtaala unaoweza kurudisha aya hiyo.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliunda baraza ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa wataalamu na watumishi wa serikali, watu waliosifiwa kwa usomi wao. Mara ikaonekana kama vile washauri wamepata walichostahili: wao sasa ndio mawaziri. Lakini mawaziri hao waliingizwa jeshini na kuwekwa chini ya nidhamu ya kijeshi. Waziri akawa mtu wa kupokea amri, na katibu wake akabaki kumsaidia mtu asiye na uamuzi. Kyemba alihudumu kama katibu wa Amin, kisha akawa waziri mwenyewe, hadi alipokimbilia nje mwaka 1977. Frank Kalimuzo, aliyekuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri wakati wa Obote na baadaye Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa Oktoba 1972 na hakurudi. Mwezi uliotangulia alichukuliwa Kiwanuka, akiwa Jaji Mkuu, kutoka Mahakama Kuu.

Inafaa kutaja hapa suala la lugha, kwa kuwa limepotoshwa mara kwa mara. Mwaka 1973 utawala wa Amin ulitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kiswahili hicho hakikuwa kigeni nchini, bali kwa wananchi wengi kilisikika zaidi kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa katika hali ya kuamrisha. Baadhi ya wasomi wamehitimisha kwamba lugha yenyewe haina uwezo wa mjadala wa sera. Hitimisho hilo linachanganya lugha na mazingira yaliyoileta. Ofisini, Kiswahili hakikupata nafasi ya kuwa lugha ya ushauri, kwa sababu ushauri wenyewe ulikuwa umekoma.

Tanganyika: mwanasiasa anapoingia bomani

Tanganyika ilichukua hatua ambayo majirani zake hawakuichukua. Mwaka 1962 nafasi za maofisa wakuu wa majimbo na wilaya ziliondolewa, na mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walioteuliwa kisiasa, wengi wao viongozi wa TANU. Kando ya kila mmoja akawekwa mtumishi wa serikali, ambaye kwa msamiati wa leo tungemwita katibu tawala.

Hatua hii mara nyingi huelezwa kama chama kulimeza boma, na si uongo. Ila ilikuwa na matokeo mengine ambayo wachambuzi wa siasa hawakuyatilia maanani. Kijana aliyepangiwa kuwa katibu wa wilaya hakuwa tena Bwana Shauri. Kutoka siku yake ya kwanza alikaa chini ya mwanasiasa, akamwandalia hotuba ya kijijini, akamweleza kwa nini kisima hakiwezi kuchimbwa kabla ya fungu kufika, akameza uamuzi asioupenda na kuutekeleza. Kwa maneno mengine, alifanya kwa udogo kazi ileile ambayo katibu mkuu hufanya kwa waziri. Wilaya ikawa shule ya wizara bila mtu yeyote kuikusudia iwe hivyo. Alipohamishiwa Dar es Salaam, mwanasiasa hakuwa kiumbe kigeni kwake.

Shule hiyo ilikuwa na kasoro zake. Mkuu wa wilaya alikuwa na sauti chamani, na katibu wake hakuwa na pa kukimbilia. Katiba ya Uhuru ya mwaka 1961 iliipa Tume ya Utumishi wa Umma mamlaka ya kuteua. Katiba ya Jamhuri ya Desemba 1962 iliyahamishia mamlaka hayo kwa Rais, na Tume ikabaki kushauri. Mwaka 1964 watumishi wa serikali waliruhusiwa kujiunga na TANU, na mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Tangu hapo fundisho la Kiingereza la kutoegemea chama halikuwa na mahali pa kusimama. Swali likageuka: je, mwanachama anaweza kumwambia mwanachama mwenzake, aliye waziri, kwamba sera ya chama haitafanya kazi kama ilivyoandikwa? Nadharia ilijibu ndiyo, na ilisema kwamba ndugu huambiana ukweli kuliko wageni. Utendaji ulitegemea mtu. Hata vyeo vilishuhudia mchanganyiko huo, kwa kuwa katibu mkuu alikuwapo katika chama na katibu mkuu alikuwapo katika wizara, na msikilizaji wa redio alipaswa kusubiri neno linalofuata ili ajue ni yupi.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliongeza jambo ambalo halikuwa katika mtaala wowote wa kikoloni: miiko ya uongozi iliyowahusu pia maafisa wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha vilikatazwa. Kwa kazi ya ushauri, miiko hiyo ilikuwa na mantiki ya wazi. Waziri anayesoma dokezo kuhusu leseni za biashara anapaswa kujua kwamba mwandishi wake hana duka. Kenya ilichukua njia tofauti; Tume ya Ndegwa, iliyotoa ripoti yake mwaka 1971, ilikubali mtumishi wa serikali afanye biashara. Gharama ya uamuzi ule kwa uaminifu wa ushauri serikalini imejadiliwa Kenya tangu wakati huo hadi leo.

Kwa upande wa vyuo, mwaka 1972 unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo Mzumbe iliunganishwa na Taasisi ya Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kukazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001. Mwaka huohuo, kwa mpango wa madaraka mikoani, maafisa wenye uzoefu walipelekwa mikoani kama wakurugenzi wa maendeleo. Mambo haya mawili yalikuwa na nia njema na yaliendana. Lakini yakiwekwa pamoja yalidhoofisha kitu kimoja. Mafunzo yaligeukia usimamizi wa miradi, na walimu halisi wa kazi ya wizara, yaani maafisa waliokomaa kwa miaka kumi mezani, wakaondoka mezani. Kijana aliyeripoti wizarani mwaka 1973 alikuta waziri yupo na jalada lipo, lakini mtu wa kumweleza jinsi vinavyokutana amehamia Mtwara au Kigoma.

Kenya: boma lililobaki

Kenya inaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa haikubadilisha mengi. Chuo cha Utawala cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1961 Lower Kabete, katika majengo ya Shule ya Jeanes, kwa kusudi la kuwaandaa haraka maafisa wa utawala wa Kiafrika. Katiba ya majimbo ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1964, utawala wa mikoa ulibaki chini ya Ofisi ya Rais, ukiwa na maafisa wa mikoa, wilaya na tarafa kama zamani, sare na vyote. Mhitimu wa Kabete aliingia katika ngazi ambayo Mwingereza angeitambua mara moja.

Faida yake ilikuwa mwendelezo. Duncan Ndegwa, Katibu wa kwanza Mwafrika wa Baraza la Mawaziri, na Geoffrey Kariithi aliyemfuata mwaka 1967 na kukaa hadi 1979, walijenga kituo imara cha uratibu ambacho majirani walikionea wivu. Hasara yake ni kwamba Bwana Shauri hakufa. Afisa aliyekuwa mtawala wa mkoa kwa miaka kumi na zaidi aliingia Nairobi akiwa amezoea kutii mmoja, Rais, na kuamuru wengi. Kwake waziri alikuwa mtu wa katikati. Simeon Nyachae ndiye kielelezo kinachojulikana zaidi: mkuu wa mkoa tangu katikati ya miaka ya 1960, Katibu Mkuu wa Serikali katika miaka ya 1980, kisha mwanasiasa na Waziri wa Fedha. Uwezo wake haukuwa na shaka. Lakini mfumo uliomlea ulifanya katibu mwenye nguvu aonekane wa kawaida na waziri mwenye kujitegemea aonekane tatizo, na vijana waliofundishwa Kabete walisoma somo hilo kwa kutazama, bila kuhitaji kitabu.

Lugha ya dokezo

Ushauri ni maandishi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Katika nchi zote tatu maandishi hayo yalianza kwa Kiingereza, na Kiingereza cha ofisi hasa, chenye adabu za mzunguko zinazomwezesha mtu kupinga bila kuonekana anapinga. Mawaziri wengi wa kwanza walikijua Kiingereza vizuri. Wengine walikuwa viongozi wa vyama vya ushirika na vya wafanyakazi ambao nguvu yao ilikuwa jukwaani, kwa Kiswahili. Kwa waziri wa aina hii dokezo la Kiingereza lilimpa afisa mamlaka ya ziada: yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyefasiri. Hilo halikuwa kosa la afisa, lakini lilikuwa uwezo.

Januari 1967 Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huohuo. Agizo hilo limetazamwa zaidi kama suala la utambulisho wa taifa. Ndani ya wizara lilikuwa suala la nani anaweza kulisoma jalada. Mara moja waziri, mhudumu wa masjala, mpiga chapa na katibu mkuu wote waliweza kuufuata mjadala uleule. Msamiati ulibidi utafutwe: masjala, jalada, dokezo, dokezo sabili, afisa masuuli. Baadhi ya maneno hayo yalitoka Kiarabu cha pwani, baadhi yalipewa maana mpya, na toleo la Tafsiri Sanifu lililoanza kutolewa na BAKITA mwaka 1974 likayaeneza. Neno dokezo linafaa kuangaliwa. Kudokeza ni kugusia, kutoa jambo kwa kificho kidogo ili mwenye akili alichukue. Kwa hiyo adabu ya mzunguko haikupotea pamoja na Kiingereza. Ilikwisha kuwamo ndani ya Kiswahili, ikisubiri kupewa kazi.

Lakini sheria za Tanzania ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, afisa wa Dar es Salaam alijenga hoja ya sera kwa Kiswahili, akamshawishi waziri kwa Kiswahili, waziri akaitetea bungeni kwa Kiswahili, na muswada wenyewe ukaandikwa kwa lugha nyingine na mwanasheria wa chumba cha pili. Kenya ilikuwa na sura nyingine ya jambo hilohilo: Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974 kwa agizo la Rais Kenyatta, na waziri akaweza kujibu maswali kwa lugha ambayo wasaidizi wake hawakuwa wameandikia majibu.

Pengo hilo kati ya lugha ya jalada na lugha ya waziri sasa linaanza kuhisiwa kwingineko. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Kijana anayeanza kazi wizarani Kampala au Kigali leo, akipewa jukumu la kumwandalia waziri wake maelezo ya kikao cha Arusha, anahitaji mambo yaleyale aliyoyahitaji mwenzake wa mwaka 1962, pamoja na lugha moja zaidi. Na katika ofisi yake kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu wa pekee anayeweza kusahihisha Kiswahili chake ni dereva aliyewahi kuishi Mombasa.